Karatasi ya maabara imejaa majina ya vyakula: je, mtoto aache kula vyote?

Swali: "Daktari, nakusalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka saba, tunaishi Tanga. Miezi sita iliyopita alikula kashata ya karanga kwa jirani, na kabla ya robo saa kupita midomo ilimvimba, akatokwa na mabaka yanayowasha mwili mzima, akatapika mara tatu na sauti ikamkauka. Zahanati walimchoma sindano, akapata nafuu, wakasema ni aleji ya kawaida. Baadaye tulimpima damu, na majibu yakaonyesha mzio wa karanga, mayai, maziwa, ngano, nazi, kamba, vumbi la nyumbani na mende. Tangu hapo nimemwachisha vyakula vyote hivyo, ingawa mayai, maziwa, chapati na wali wa nazi alikuwa akila tangu utotoni bila shida, na kamba hajawahi kula. Amepungua uzito. Kila alfajiri anapiga chafya mfululizo, na usiku mara nyingine kifua kinambana. Tuna pampu ya salbutamol lakini naogopa kumzoesha. Mama mkwe anashauri nimpe karanga kidogo kidogo ili mwili uzoee. Nina pia mtoto wa miezi mitano, na nimeapa kuwa huyo hatagusa karanga. Mwezi ujao kaka yake anaanza kula chakula cha mchana shuleni. Nianzie wapi?"

Jibu:

Mama, pole sana. Umeishi miezi sita ukikiogopa kila chakula kinachoingia jikoni, na wakati huohuo jambo moja la hatari kweli limeitwa la kawaida na kuachwa bila mpango. Ningependa tuupunguze woga pale usipostahili na tuuongeze uangalifu pale unapostahili. Katika maelezo yako yamo mambo matatu yaliyofungwa pamoja: karanga, ambayo kwa mtoto huyu ni hatari, orodha ndefu ya maabara, ambayo sehemu yake kubwa huenda haina hatari yoyote, na pua na kifua, ambavyo vinahitaji matibabu ya kila siku na havijayapata.

Nianze na kashata. Mtoto aliyevimba midomo, akatokwa na mabaka, akatapika mara kwa mara na sauti kubadilika ndani ya dakika chache baada ya kula karanga hakupata aleji ya kawaida. Mwili wake uliitikia katika ngozi, tumbo na njia ya hewa kwa wakati mmoja, na hali hiyo kitaalamu huitwa anafilaksia, ambayo inaweza kuua. Kwamba alipona safari ile hakutuambii safari ijayo itakuwaje, kwa sababu ukali wa tukio hubadilika kulingana na kiasi alichokula, kama ana mafua au homa siku hiyo, kama alikuwa akikimbia, na zaidi ya yote kama pumu yake imetulia au la. Kwa hiyo karanga iondoke kabisa katika chakula chake. Kwa hilo sihitaji hata karatasi ya maabara, maana kashata yenyewe imekwisha kutoa jibu.

Ili uelewe kwa nini orodha iliyobaki haina uzito uleule, inafaa ujue kinachotendeka mwilini. Mfumo wa kinga hutengeneza kingamwili za aina mbalimbali, na mojawapo ni IgE, iliyotambuliwa na wanasayansi katika miaka ya 1960. Kwa mtu mwenye mzio, mwili hutengeneza IgE inayolenga protini fulani, iwe ya karanga au ya kinyesi cha utitiri wa vumbi, na kingamwili hizo hujishikiza juu ya seli ziitwazo seli za masti, ambazo zimetapakaa kwenye ngozi, kwenye pua na mapafu, na kwenye utumbo. Protini ile inapoingia tena na kuzishika kingamwili hizo, seli humwaga histamini na kemikali nyingine ndani ya dakika chache. Histamini hupanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivujishe maji, ndiyo sababu ya uvimbe. Husisimua neva za ngozi, ndiyo sababu ya muwasho. Na hubana misuli ya njia ya hewa na ya utumbo, ndiyo sababu ya kukohoa na kutapika. Kiasi kidogo kikitua puani tu, mtoto hupiga chafya alfajiri. Protini ikipita tumboni na kuingia kwenye damu, mwili mzima huitikia. Ugonjwa ni mmoja, lakini sura zake ni mbili, na kila sura ina namna yake ya kukabiliwa.

Kipimo cha damu ulichofanya huangalia kama IgE ipo. Hakiangalii kama mtoto atadhurika akila. Ni sawa na kuona kuni zimepangwa jikoni: kuni zipo, lakini hilo halikuambii kama moto umewaka. Watu wengi wana IgE dhidi ya vyakula wanavyokula kila siku kwa amani. Ndiyo maana wataalamu wa mzio hushauri kupima kile tu ambacho historia ya mgonjwa imekitilia shaka, na kutopima vyakula vingi kwa mkupuo, kwa kuwa kila jina linaloongezwa kwenye orodha huleta uwezekano mwingine wa jibu linalotisha bure.

Katika nchi zetu kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Ghana na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto wengi waliokuwa na IgE dhidi ya karanga katika damu hawakuwa na mzio wa karanga katika maisha yao, na kwamba kingamwili hizo zilihusiana na maambukizi ya kichocho cha mkojo. Mwili unapopambana na minyoo ile hutengeneza IgE dhidi ya molekuli za sukari ambazo zinapatikana pia kwenye mimea mingi, nayo mashine ya maabara huisoma kama mzio wa karanga, ngano na kadhalika. Pwani yetu kichocho bado kipo, kwa hiyo jibu chanya la ngano au la nazi kwa mtoto aliyekuwa akila chapati na wali wa nazi bila shida halinishangazi hata kidogo. Hata hivyo, usielewe kwamba dawa ya minyoo itamponya mzio wa karanga. Yeye ameonyesha dalili za wazi, na hilo ni suala jingine kabisa.

Kamba nao wana maelezo yao. Misuli ya kamba, kaa, utitiri wa vumbi na mende ina protini moja inayofanana sana, iitwayo tropomiosini. Mtoto mwenye mzio wa vumbi na mende anaweza kupata jibu chanya la kamba ingawa hajawahi kumwonja, kwa sababu tu kingamwili zake zinawafananisha. Wapo watoto wa namna hii ambao hula kamba bila dhara, na wapo wanaodhurika. Kwa kuwa wako hajawahi kula, hatuwezi kukisia, na si jambo la kujaribu nyumbani. Mwache asile kamba mpaka apimwe mbele ya daktari. Samaki wa mapezi ni habari nyingine, kwani protini yao ni tofauti, na sioni katika maelezo yako sababu ya kumnyima changu au kibua.

Nazi pia ina mkanganyiko wake. Kwa sababu watu huiweka katika kundi moja na korosho na lozi, wazazi wengi huiondoa mara tu mtoto anapoambiwa ana mzio wa karanga. Karanga ni jamii ya kunde, nazi ni tunda la mnazi, na mzio wa nazi si wa kawaida. Vivyo hivyo, watoto wengi wenye mzio wa karanga hula maharage, kunde na choroko bila tatizo. Korosho na lozi ndizo zinazohitaji tahadhari mpaka apimwe, kwa sababu baadhi ya watoto wenye mzio wa karanga huwa na mzio wa hizo pia.

Sasa, je, umrudishie mayai na maziwa leo jioni? Hapa ninaomba subira kidogo. Kwa historia uliyonipa, uwezekano mkubwa ni kwamba hana mzio navyo. Lakini imekwisha kuonekana kwamba mtoto mwenye IgE dhidi ya maziwa au mayai, ambaye alikuwa akivila kwa amani kisha akaachishwa kwa miezi mingi, mara chache hupoteza ule uvumilivu na kuitikia kwa ukali anapovirudia. Ni sababu mojawapo inayonifanya nihuzunike mtu anapoachishwa chakula kwa karatasi peke yake. Kwa hiyo mayai na maziwa virudishwe kimojakimoja, kwa kiasi kidogo kinachoongezwa, katika kliniki yenye adrenalini, na daktari akiwapo. Jaribio hilo, ambalo mtoto hula chakula chenyewe kwa hatua huku akiangaliwa kwa saa kadhaa, ndilo kipimo cha uhakika kuliko vyote, na kwa kawaida siku moja hutosha kwa chakula kimoja. Ngano na nazi mwulize daktari huyohuyo. Huenda akaridhika uzirudishe nyumbani. Ukirudi kuangalia karatasi yako, tazama pia kama imeandikwa IgE au IgG. Kuna maabara zinazouza vipimo vya IgG ya vyakula, navyo huonyesha tu kwamba mtu amewahi kula chakula hicho. Kama ni IgG, usiifuate.

Jambo moja la pembeni lakini muhimu: mtu akikuambia mtoto mwenye mzio wa mayai asichanjwe surua, usikubali. Chanjo ya surua hutolewa kwa usalama hata kwa watoto wenye mzio wa kweli wa mayai. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayohitaji ushauri wa daktari kwanza kwa mwenye mzio mkali wa mayai.

Turudi kwenye karanga, maana ndiko nguvu zako zote zinapotakiwa. Nyumbani kwetu karanga haikai kwenye kashata na bisi za karanga peke yake. Imo kwenye kisamvu na mchicha wa karanga, kwenye michuzi, na hasa kwenye unga wa lishe, ambao mara nyingi huchanganywa mahindi, mtama, soya na karanga bila orodha yoyote kwenye mfuko. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga unga wa lishe wa mteja mmoja huacha mabaki yanayoingia kwenye dona la mteja anayefuata. Kwa hiyo nenda asubuhi kabla mashine haijasaga kitu kingine, au nunua unga uliofungwa kiwandani ambao orodha yake ya viungo unaweza kuisoma. Kinu cha mti kilichotumika kutwangia karanga usikitumie tena kwa chakula chake, kwa sababu nyufa zake hushika mafuta na protini ambazo kuosha hakuziondoi zote. Tafuta kinu kingine na mchi wake. Mafuta ya karanga yaliyosafishwa sana kiwandani huwa hayana protini ya kutosha kuwadhuru walio wengi, lakini yale yanayokamuliwa kienyeji yanayo, na kwa macho huwezi kuyatofautisha, basi yaepuke yote. Muulize muuza mihogo au bagia kama kikaango chake kinakaangia pia karanga za mayai.

Upande mwingine, huna haja ya kuogopa harufu. Mtoto akipita karibu na mchuuzi wa karanga, au mwenzake akizila dawati la pili, kwa kawaida hapati madhara makubwa. Hatari iko kinywani, na njia yake ni mikono, vyombo na vipande vinavyogawanwa kwa upendo. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Dawa ya kupaka ya kuua vijidudu haiondoi protini ya karanga.

Hata nyumba yenye uangalifu mkubwa hupitiwa siku moja, kwa hiyo mpango wa dharura ni wa lazima. Dawa ya anafilaksia ni adrenalini, ikichomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na mapema. Piriton, setirizini na sindano ya haidrokotizoni haziwezi kuchukua nafasi yake: hupunguza muwasho au hufanya kazi baada ya saa nyingi, na wala hazifungui njia ya hewa inayoziba wala kuinua presha inayoshuka. Mara nyingi mgonjwa huchelewa kupata adrenalini kwa sababu muwasho umepungua na wote wamedhani hatari imepita. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtoto wa kilo 20 hupewa miligramu 0.2, nayo hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 ikiwa hali haijabadilika. Ninakutajia tarakimu hizi ili uweze kuuliza kwa ujasiri ukifika zahanati, na kusema: "Mtoto huyu ana anafilaksia ya karanga, tafadhali aanze na adrenalini."

Sindano za adrenalini za kujidunga, zilizotayarishwa kiwandani, ni ghali na ni nadra katika maduka yetu ya dawa. Ukiweza kuipata, hata kwa ndugu aliye ng'ambo na kwa cheti cha daktari, ni vizuri uwe nayo. Isigandishwe, isiachwe ndani ya gari lenye joto, na uangalie tarehe yake. Ukishindwa, baadhi ya madaktari huwafundisha wazazi kutumia ampuli na bomba dogo la sindano lililotiwa alama. Njia hii ina udhaifu wake, kwa sababu mkono wa mzazi hutetemeka na dakika hupotea wakati wa kuvuta dawa, lakini ni bora kuliko kukosa kabisa, mradi ufundishwe ana kwa ana na ufanye mazoezi kwa maji. Lolote litakalowezekana, jua leo ni kituo gani cha karibu kina adrenalini usiku na mchana, na uende ukaulize kabla ya siku ya shida.

Siku hiyo ikifika, mlaze mtoto na umwinulie miguu. Akihema kwa shida mwache akae, akitapika mlaze ubavu. Usimsimamishe wala kumtembeza, kwa sababu kuinuka ghafla presha ikiwa imeshuka kunaweza kuusimamisha moyo. Ndiyo maana ningependelea gari au bajaji kuliko bodaboda, ikipatikana bila kuchelewa. Hata akipata nafuu baada ya sindano, abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi mara ya pili bila kula kitu kingine.

Sasa shauri la mama mkwe. Nakuomba umpokee kwa heshima, maana wazo lake lina asili ya kweli, isipokuwa halifai kufanyiwa jikoni. Yako matibabu ya kumzoesha mtoto karanga, na mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya unga wa karanga kwa watoto wa miaka 4 hadi 17. Lakini huanza na nusu miligramu ya protini, ambapo punje moja nzima ina zaidi ya mara mia ya kiasi hicho. Huongezwa kwa vipimo mbele ya daktari kwa miezi mingi. Wengi huitikia njiani, wengine kwa anafilaksia. Na kinga inayopatikana ni ya kuvumilia kosa dogo, tena hupungua mtoto akiacha dozi. Mwaka 2024 nchi hiyohiyo iliidhinisha pia sindano ya omalizumabu kwa mzio wa vyakula, kuanzia umri wa mwaka mmoja, nayo hupunguza hatari bila kuponya. Ni maendeleo ya kweli, ila kwa familia nyingi za kwetu gharama na umbali bado ni kikwazo. Kuhusu kupona wenyewe, takribani mtoto mmoja kati ya watano wenye mzio wa karanga huachana nao anavyokua, kwa hiyo inafaa apimwe upya kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kwa huyu mdogo wa miezi mitano, kiapo chako kinaelekea upande usiofaa. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliowafuatilia watoto 640 ambao, kwa sababu ya ukurutu mkali au mzio wa mayai, walikuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio wa karanga. Walioanza kula karanga kati ya miezi 4 na 11 na kuendelea walipata mzio huo kwa kiwango kilichopungua kwa takribani asilimia 80, wakilinganishwa na walionyimwa hadi miaka mitano. Kumnyima kunaongeza hatari. Endelea kumnyonyesha maziwa yako pekee hadi atimize miezi sita, kisha muulize daktari namna ya kumwanzishia, hasa kama ana ukurutu. Apewe siagi laini ya karanga iliyoyeyushwa kwenye uji, kamwe si punje, kwa sababu humpalia. Ugumu wako utakuwa kufanya hivyo ndani ya nyumba yenye kaka mwenye mzio: mlishe kaka akiwa hayupo, kwa bakuli na kijiko chake peke yake, kisha osha mikono na uso wa mtoto kwa sabuni.

Nimefika kwenye pua na kifua, na hapa ndipo ninapotamani nikushawishi kwa nguvu zangu zote. Pumu isiyotulia ndiyo inayoongeza hatari ya mtoto kufa katika tukio la karanga, kwa kuwa njia ya hewa iliyokwisha kuvimba kwa vumbi haina nafasi ya kuvumilia uvimbe mwingine. Kutibu kifua chake ni sehemu ya kumkinga na karanga.

Pampu haimzoeshi mtoto. Kinachotokea ni kwamba salbutamol hufungua njia ya hewa kwa saa chache bila kutibu uvimbe uliomo ndani yake, hivyo uvimbe ukiachwa, haja ya pampu huongezeka na watu hudhani ni mazoea. Mtoto anayebanwa kifua usiku mara kwa mara anahitaji dawa ya pili, ya steroidi, yaani inayotuliza uvimbe huo, ya kuvuta kwa kiwango kidogo, kila siku, hata akijisikia vizuri. Ni kweli kwamba dawa hizo zinaweza kupunguza kimo chake kidogo, kwa kawaida sentimita moja au chini ya hapo. Pumu isiyotibiwa humdhuru zaidi ya hapo. Avute kupitia chupa ya kuvutia dawa, na ukikosa ya dukani, utafiti wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni, hufanya kazi vizuri. Kwa chafya za alfajiri, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi ndiyo yenye nguvu kuliko vidonge. Ainamishe kichwa mbele kidogo, uelekeze ncha upande wa sikio, na usiihukumu kabla ya wiki mbili za kutumia kila siku. Kwa kidonge, setirizini au loratadini ni bora kuliko Piriton kwa mtoto wa shule, kwa sababu Piriton humlaza darasani. Zile sindano za steroidi za "kumaliza aleji" ambazo watu huchomwa kila baada ya miezi michache, zikwepe.

Kuhusu nyumba, utitiri wa vumbi ni mdudu asiyeonekana kwa macho, anayekula magamba ya ngozi zetu na kunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga humpa unyevu anaotaka mwaka mzima. Hutaweza kumwondoa wote, na nisikudanganye: hatua moja pekee mara nyingi haileti nafuu inayoonekana, ila zikiunganishwa huwasaidia baadhi ya watoto. Anza kitandani, maana hapo hulala uso ukiwa umegusa vumbi kwa saa tisa. Mto wa sufi wa zamani utoe. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzijoto 60 hivi, kisha zianikwe juani. Godoro likipata mfuko wenye zipu uliofumwa kwa kuzuia utitiri ni vizuri. Nailoni tupu hufanya kazi hiyo pia, lakini kwa joto la pwani mtoto hutoka jasho na hakuna anayelala. Jua la mchana huua utitiri kwenye godoro, ila mabaki yake hubaki, hivyo likung'utwe nje, mtoto akiwa mbali. Chandarua kisiondolewe kwa sababu ya vumbi, malaria haisamehe. Kifue kwa sabuni laini na ukikaushe kivulini ili dawa yake isiharibike. Fagio la chelewa kwenye sakafu kavu hupandisha vumbi hewani, basi tumia kitambaa chenye maji. Mende hupungua kwa kufunika chakula na takataka usiku na kutumia dawa za chambo, kisha kabati lioshwe.

Dawa ya mbu ya kuchoma, udi, ubani na moshi wa mkaa si mzio, ila hukera njia ya hewa iliyokwisha kuvimba. Visitumike katika chumba anacholala, na jiko la mkaa lipikiwe nje. Kwa kifua chake, ningetanguliza hilo kuliko mfuko wa godoro.

Kabla ya mwezi ujao, nenda shuleni wewe mwenyewe. Uzungumze na mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mpishi pamoja, ili asiwepo atakayesema hakuambiwa. Makande na ugali na maharage kwa kawaida havina karanga, lakini uji wa asubuhi ukiwa wa unga wa lishe huenda unayo. Kama huna uhakika, mfungie chakula chake. Acha karatasi moja ukutani ofisini, kwa Kiswahili chepesi, yenye picha yake, dalili za kuangalia, mahali pa kituo cha karibu na namba zenu. Mfundishe mtoto kanuni mbili ambazo mtoto wa miaka saba anaziweza: asile alichopewa na mwenzake, na amwambie mtu mzima mara moja mdomo ukiwasha au koo likibana, bila kuona haya wala kujificha chooni. Watoto wengi hujitenga wanapojisikia vibaya, na hilo ndilo la kumkataza zaidi.

Usisubiri miadi kwa mambo haya: akihema kwa kuvuta mbavu, akishindwa kumaliza sentensi, akibadilika sauti au kulegea baada ya kula, au akihitaji pampu tena kabla ya muda wa saa nne kupita tangu alipoivuta. Hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa yaliyobaki, omba rufaa ya daktari wa watoto mwenye uzoefu wa mzio na pumu. Hospitali kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi zitakuelekeza. Nenda na karatasi ya maabara, kadi ya kliniki yenye uzito wake wa miezi iliyopita, pampu yenyewe ili uonyeshe anavyoivuta, na orodha ya kila chakula alichowahi kula salama kabla ya kumwachisha. Muulize daktari siku ngapi kabla ya kipimo cha ngozi uache kumpa Piriton au setirizini, kwani dawa hizo huficha majibu na kwa kawaida huachwa hadi wiki moja. Lakini pampu na dawa ya steroidi ya kuvuta zisiachwe hata siku moja. Kuhusu uzito wake, mwombe akupe tarehe ya karibu ya jaribio la mayai, halafu maziwa, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vitakavyomrudishia mwili haraka. Wakati mkisubiri, mpe samaki, nyama, maharage, parachichi na mafuta ya alizeti kwenye mboga.